Dania katika bustani za Lamu na Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wenye bustani za nyumbani wa Lamu, Shela, Malindi na vijiji vya jirani huyauliza zaidi kuhusu dania, ambayo wengine huiita giligilani au kotmiri. Majibu yamewalenga wenye vitalu vidogo, ndoo na nyua za nyumba, wala si wenye mashamba makubwa. Msomaji ataona kwamba jambo moja linarudi kwa sura mbalimbali: dania hupenda hali ya upole, na katika pwani yetu shida zake nyingi huanzia kwenye joto la udongo na maji ya mizizini, kabla mdudu au ugonjwa haujaingia. Anayeona dania yake inadhoofika na aufukue udongo kidogo kwa kidole kabla hajaenda duka la dawa.

Kwa nini dania yangu hurefuka na kutoa maua kabla sijapata majani ya kutosha?

Hili ndilo lalamiko la karibu kila mtu. Dania huishi maisha mafupi: huota, hutandaza majani mapana chini, kisha hupandisha shina refu lenye majani membamba kama nyuzi, hutoa maua na mbegu, na baada ya hapo hufa. Hakuna dawa ya kuizuia isifuate njia hiyo. Kinachowezekana ni kuichelewesha. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mchana mrefu wa kiangazi ni miongoni mwa mambo yanayoiharakisha. Sisi hatuna sababu ya kuulaumu mchana, kwa kuwa Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, Malindi nyuzi 3 na kidogo, na mchana wetu hauachani sana na saa 12 mwaka mzima. Linalotuhusu ni joto, kiu na kusumbuliwa kwa mizizi.

Mchanga mtupu ulioachwa juani mwezi wa Februari hupata moto kiasi kwamba ni tabu kuukanyaga bila viatu, na mizizi michanga ya dania iko sentimita chache tu chini ya hapo. Mmea uliobanwa na joto na kiu huharakisha kuzaa mbegu ili uzao wake usipotee. Kitalu kikikauka siku moja au mbili wakati miche ingali midogo, madhara yake huweza kuonekana wiki mbili baadaye, na kwa wakati huo mwenye bustani amekwisha sahau kwamba alisafiri na hakumwachia mtu kazi ya kumwagilia.

Funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa au majani makavu. Weka kivuli cha mchana. Mwagilia kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya kufurikisha mara moja kwa siku mbili. Ukinunua mbegu za pakiti, uliza zile zilizochaguliwa kwa ajili ya majani na zinazochelewa kutoa maua. Zaidi ya yote, usipande mbegu zote siku moja. Panda mstari mfupi kila baada ya wiki 2 au 3, ili mstari wa kwanza unapoingia katika maua, wa pili uwe tayari kuvunwa na wa tatu uwe ndio kwanza unachomoza. Kukata shina la maua hukupa siku chache tu, na majani yanayofuata huwa membamba na hayana ladha ileile. Mimi naona ni heri kuuacha mmea huo ufikie mbegu.

Ni miezi gani iliyo bora kwa kupanda?

Miezi mizuri kuliko yote ni kuanzia mwisho wa mwezi wa Juni hadi Septemba, yaani mvua kubwa za mwaka zinapopungua na kipupwe kuingia. Udongo huwa na unyevu, usiku huwa wa ubaridi kidogo, na mawingu hupunguza ukali wa jua. Ubaya wa kipindi hicho ni upepo wa kusi, ambao huvuma kutoka baharini ukiwa na chembe za chumvi. Bustani iliyo wazi upande wa bahari itaungua ncha za majani hata kama maji yake ni matamu. Ukuta wa mawe, ua wa makuti au mstari wa vichaka hutosha kuuvunja upepo huo.

Mwezi wa Mei, ambao kwa kawaida ndio wenye mvua nyingi zaidi katika pwani hii, haufai kwa kupanda nje, kwa sababu mvua huzikusanya mbegu pembeni mwa kitalu na miche huoza. Vuli, Oktoba na Novemba, hufaa kiasi. Kuanzia Januari hadi Machi, wakati kaskazi inapokuwa kavu na joto la mchana likifika nyuzi 31 au 32, mtu apande tu kama ana kivuli cha uhakika na maji ya kutosha, na ajue kwamba atavuna kidogo. Asiye na kivuli aipumzishe ardhi yake katika miezi hiyo, au aitumie kwa kazi ya kuua minyoo ya mizizi inayoelezwa mbele.

Mbegu zangu hazioti. Je, zile za duka la viungo zinafaa?

Zinafaa mara nyingi, na ndizo wengi wanazozitumia, lakini kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, mbegu za jikoni huenda zimekaa ghalani miaka au zimekaushwa kwa moto mkali. Zijaribu kwa kuzifunga 20 katika kitambaa chenye unyevu, uone ni ngapi zitachipua. Pili, ile punje ya mviringo unayoiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani yake. Iviringishe chini ya chupa au kiganja kwa nguvu kidogo mpaka igawanyike, kisha loweka katika maji baridi usiku mmoja. Atakayeiponda kwa mchi ataiharibu.

Panda kwa kina cha sentimita moja hivi na ufunike. Katika udongo wenye joto la nyuzi 20 hivi mbegu huchomoza kwa siku 7 hadi 10, lakini udongo ukizidi nyuzi 30 nyingi hukaa kimya au huoza. Ndiyo maana inafaa kukitandika kitalu gunia lenye unyevu kwa siku za mwanzo, kisha kuliondoa mara chipukizi la kwanza linapoonekana. Usichelewe kuliondoa, kwani miche iliyofunikwa siku mbili zaidi hutoka myeupe na dhaifu.

Mbegu hutoweka kitaluni kabla ya kuota. Nani anazichukua?

Kwa kawaida ni chungu. Fuata mstari wao jioni na utaviona vipande vya mbegu vikibebwa. Zifunike mbegu vizuri, usiziache juu ya mchanga, na kama unapanda ndoo, iweke juu ya mawe yaliyosimama ndani ya sahani ya maji. Kuku ni habari nyingine, na dawa yake ni wavu.

Je, ni vizuri kuotesha kwenye chombo kisha kuhamisha miche?

Hapana. Dania ina mzizi mkuu mmoja unaoshuka moja kwa moja chini, na mzizi huo ukikatika au kupindika, mmea hukasirika na kukimbilia maua. Panda pale pale utakapovunia. Kama ni ndoo, iwe na kina cha sentimita 20 au zaidi na matundu chini. Mwenye kulazimika kuhamisha atumie vikombe vya karatasi vinavyooza ardhini pamoja na mche.

Miche hulala chini na shingo yake imekuwa nyembamba kama uzi. Ni nini?

Huo ni ugonjwa wa kuoza kwa miche, ambao wakulima wengine huuita kinyausi. Husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi ardhini na kushamiri penye maji yaliyotuama, mbegu zilizobanana na hewa isiyopita. Miche iliyokwisha lala haiponi. Punguza maji, punguza msongamano mpaka kila mche uwe na sentimita 5 au zaidi pembeni yake, na usitumie tena udongo huo wa ndoo bila kuuanika juani. Samadi isiyoiva huuzidisha ugonjwa huu.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Je, bado ninaweza kukuza dania?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa kuwa katika kisiwa cha Lamu na katika maeneo mengi ya Malindi yaliyo karibu na ufuo, maji ndiyo yanayoamua kama bustani itakuwapo au haitakuwapo.

Maji matamu ya chini ya kisiwa ni mvua iliyochujwa na mchanga, na akiba kubwa ya Lamu iko chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Maji hayo huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi kidogo kuliko hayo. Wataalamu wa maji hukadiria kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 zilizo chini yake. Maana yake, kuyashusha maji ya kisima kwa kiasi kidogo huyapandisha maji ya chumvi kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo pampu yenye nguvu inayovuta saa nzima mfululizo huharibu kisima ambacho kingeweza kutoa maji mazuri kwa ndoo. Ukivuta kidogo asubuhi na kidogo jioni, na kukiacha kisima kipumzike katikati, utapata maji matamu zaidi katika kisima kilekile.

Dalili za chumvi katika dania ni ncha na kingo za majani kuwa kahawia na kukauka, ukuaji wa pole, na utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo. Watu wengi hudhani mmea una kiu na kuuongezea maji yaleyale, nao huzidi kuungua. Kama huna maji mengine, mwagilia kwa wingi lakini hakikisha maji yanapita na kutoka chini, ili yaisukume chumvi iliyobaki. Ukimwagilia kidogo kidogo kwa maji ya chumvi, maji huruka na chumvi hubaki. Yaelekeze maji mizizini, kwani tone la chumvi likikauka juu ya jani huacha kovu.

Suluhisho la kudumu ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mabati la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 30 hukupa karibu lita 600, ukiacha yanayopotea njiani. Mji wa Lamu na miji mingine ya pwani ina desturi ya zamani ya birika la mawe, yaani tangi la kuhifadhia maji, na pengine utakuta samaki wadogo wamewekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Nyumba iliyo na birika zima isilifanye kuwa jalala. Paa la makuti halifai sana kwa kazi hii, kwa kuwa maji yake hutoka na rangi na takataka, lakini kwa kumwagilia bustani hata hayo ni bora kuliko maji ya chumvi. Kitalu cha mita moja ya mraba huhitaji lita 4 hadi 6 kwa siku katika joto, na chini ya hapo kikiwa na kivuli na matandazo.

Majani yana rangi ya manjano ingawa ninaweka mbolea. Kuna nini?

Tazama ni majani gani. Yakianza ya chini, yaani ya zamani, mmea una njaa ya naitrojeni, na samadi iliyoiva itautibu. Yakianza machanga ya juu, huku mishipa ya jani ikibaki kijani, sababu yake katika sehemu zetu huwa ni chokaa. Ardhi nyingi ya Lamu, na ile ya Malindi iliyo karibu na bahari, imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na vumbi la matumbawe ni chokaa tupu. Udongo wa namna hiyo huwa na chuma, lakini chuma hicho hufungwa na mizizi haiwezi kukinyonya.

Hapa ndipo desturi moja nzuri ya bara inapogeuka kuwa kosa: majivu ya kuni. Katika udongo wenye asidi majivu husaidia. Katika udongo wa matumbawe huongeza kile ambacho tayari kimezidi. Usimwage majivu katika kitalu cha dania, wala usiupake chokaa ukuta ulio juu yake bila kutandika kitu chini. Ongeza mboji kwa wingi, tena mara kwa mara, kwa kuwa katika joto letu mboji huisha upesi. Mwenye kuweza kupata udongo wa kando ya mto Sabaki, kaskazini mwa mji wa Malindi, au udongo mwekundu wa bara yake, auchanganye na mchanga wake na mboji katika ndoo au kitalu kilichoinuliwa. Hiyo ni njia fupi kuliko kupigana na jabali.

Samadi ya punda inafaa?

Inafaa sana, na Lamu haina upungufu wake. Ila isitumike ikiwa mbichi. Mavi mabichi huunguza mizizi, na tumbo la punda halisagi kila kitu, kwa hiyo mbegu za magugu hupita salama na kuota katikati ya dania yako. Lundika samadi pamoja na majani makavu, ilowe kiasi, igeuzwe kila wiki moja au mbili, na iachwe mpaka ipoteze harufu na joto. Hilo huchukua miezi 2 hadi 3. Kabla ya kupanda, changanya karibu debe moja katika kila mita ya mraba.

Yako mambo mawili ya afya ambayo hayapaswi kupuuzwa. Dania huliwa mbichi katika kachumbari na chatne, kwa hiyo usiweke samadi mbichi katika kitalu ambacho utakivuna kabla ya miezi 3 au 4 kupita. Tena, kinyesi cha punda na farasi huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Vaa glavu, funika vidonda, na hakikisha umechanjwa. Samadi ya kuku ni kali zaidi kuliko ya punda na iwekwe kwa kiasi kidogo. Samadi ya mbuzi haina ubaya wowote ikiwa imekauka na kuiva.

Kivuli kiwe kiasi gani?

Dania inataka jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa tano mchana. Kivuli kinachozuia theluthi moja hadi nusu ya mwanga kinatosha. Kikizidi, miche hurefuka na kulala. Makuti yaliyotandikwa kwa mwanya juu ya fito hufanya kazi sawa na wavu wa dukani, na huvumilia upepo wa kusi kama yamefungwa vizuri. Chini ya mnazi panafaa, chini ya mwembe hapafai kwa kuwa mizizi ya mwembe hunywa kila kitu na kivuli chake ni kizito. Kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba ya mawe ya kale kinafaa kuliko mahali pengi: upepo haufiki kwa nguvu, jua huingia kwa saa chache, na maji ya birika yako karibu. Ndoo nyeupe hukaa baridi kuliko nyeusi.

Chini ya majani mna wadudu wadogo wa kijani na majani yanajikunja. Nifanyeje?

Hao ni vidukari. Hufyonza utomvu na kuacha majimaji matamu yanayowavutia chungu, na chungu huwalinda kama mchungaji na mifugo yake. Wakiwa wachache, waondoe kwa kurusha maji chini ya majani asubuhi. Wakizidi, nyunyiza maji ya sabuni ya kawaida, kijiko kimoja kidogo hadi viwili kwa lita moja, kisha suuza baada ya saa chache. Mwarobaini, ambao uko karibu kila mtaa wa pwani, ni dawa nzuri zaidi: twanga nusu kilo ya kokwa kavu za mbegu zake, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja, na unyunyize jioni, kwa kuwa jua huiharibu nguvu yake. Uchungu wake hubaki kwenye majani, basi acha siku kadhaa zipite na uoshe vizuri kabla ya kula. Sioni sababu ya mtu kutumia dawa kali za viwandani kwenye mboga anayoila mbichi wiki ijayo.

Acha pia mimea miwili au mitatu itoe maua. Maua ya dania huwavutia nzi na nyigu wadogo ambao watoto wao hula vidukari, na wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu wenye madoa meusi nao ni wageni wa kheri, wasiuawe.

Katika miezi ya kaskazi huja utitiri, ambao hauonekani vizuri kwa macho ila kwa vidoa vyeupe vingi na utando mwembamba kama wa buibui. Wao hupenda vumbi na ukavu. Kulowesha majani kwa maji matamu asubuhi huwapunguza.

Kuna unga mweupe juu ya majani. Na yale madoa meusi je?

Unga mweupe ni ukungu unaoitwa ubwiri unga. Hauhitaji jani lililolowa ili uenee, na huja zaidi palipo na msongamano na kivuli kizito. Ng'oa majani yaliyoathirika, panua nafasi, uvune mapema. Madoa yenye pembe, yanayoanza kama yaliyolowa maji na kisha kuwa kahawia au meusi, mara nyingi ni ya bakteria wanaokuja na mbegu na kuenezwa na matone yanayoruka. Hayana tiba ya maana katika bustani ndogo. Ng'oa, choma, badilisha mbegu, na usimwagilie kutoka juu.

Nimeng'oa mmea uliodumaa na mizizi ina vifundo. Je, ni ugonjwa?

Ni minyoo midogo ya ardhini isiyoonekana kwa macho, inayopenda mchanga wenye joto, yaani ardhi kama yetu. Usipande dania mahali palipokuwa na bamia, nyanya au biringani, kwa kuwa mimea hiyo huilea minyoo hiyo kwa wingi. Miezi ya joto kali ina faida hapa: lowesha kitalu, kifunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo kwa udongo, na uiache juani kwa wiki 4 hadi 6 katika Februari na Machi. Joto litakalojikusanya chini yake litaua sehemu kubwa ya minyoo, mbegu za magugu na vimelea vya kuoza kwa miche.

Mgeni wangu anasema dania inanuka sabuni. Je, imeharibika?

Haijaharibika. Watu wengine wamezaliwa na tofauti ndogo katika chembe za urithi zinazohusu kunusa, na harufu ya majani ya dania huwafikia kama sabuni. Mpikie bila dania na umwachie mwenyewe bakuli pembeni.

Je, kuna mmea mwingine wenye ladha hiyo unaovumilia joto letu?

Upo, ingawa si rahisi kuupata. Kitaalamu unaitwa Eryngium foetidum, ni wa jamii moja na dania, na asili yake ni sehemu za joto za Amerika na visiwa vya Karibi. Majani yake ni marefu, yenye meno pembeni, na harufu yake ni ya dania lakini kali zaidi. Hupenda kivuli na unyevu, na katika jua kali hutoa maua yenye miiba. Mbegu zake ni ndogo mno, hazifunikwi kwa udongo, na huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kuota, basi asiyekuwa na subira asianze. Kwa mwenye kiwanda chenye kivuli na anayependa dania mwaka mzima, huu ndio mmea ambao mimi ningeutafuta.

Ndugu yangu aliye Ulaya ameniletea mbegu za angelika. Je, itaota Lamu?

Angelika nayo ni ya jamii ya dania, karoti na shamari, na huko kwao ni mmea wa fahari: huweza kupita urefu wa mita 2, shina lake nene hupikwa kwa sukari, hasa katika mji wa Niort nchini Ufaransa, na mizizi yake hutumiwa kutia harufu. Lakini kwao ni Skandinavia, Iceland na Greenland. Aina yake moja huota ufukoni kabisa mwa bahari za kaskazini, kwa hiyo kinachoikatalia Lamu ni joto, wala si bahari.

Shida yake huanza kwenye mbegu. Mbegu za angelika hupoteza uhai upesi, nyingi katika mwaka wa kwanza, na zilizosafiri na kukaa kabatini huenda zimekwisha kufa. Zilizo hai huhitaji wiki kadhaa za baridi ya unyevu kabla ya kuota. Unaweza kuziweka katika mchanga uliolowa ndani ya jokofu kwa wiki 4 hadi 8, kisha kuzipanda juu ya udongo bila kuzifunika, kwa kuwa zinataka mwanga. Hata zikiota, mche utakutana na usiku ambao kwa kawaida haushuki chini ya nyuzi 20, na mmea huu hungoja majira ya baridi ndipo utoe maua. Utapata majani machache yaliyochoka, yenye vidukari na utitiri, na huenda yakafa kabla ya mwaka kwisha. Mwenye jamaa wanaoishi Limuru au Molo na awapelekee wao mbegu hizo. Huko kuna baridi na unyevu unaoifaa.

Atakayeijaribu hata hivyo ajue mambo mawili. Utomvu wa angelika ukigusa ngozi kisha jua likapiga, ngozi huweza kuungua na kuvimba, na jua letu halina huruma. Vaa mikono mirefu unapoikata. Tena, katika jamii hii wamo ndugu wenye sumu ya kuua wanaofanana nayo sana, kwa hiyo mmea uliookotwa porini na mtu asiyeujua kwa yakini usiingie jikoni. Mjamzito, na mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiutumie kama dawa bila kumwuliza daktari.

Nivune vipi, na majani yakae vipi bila kunyauka?

Unaweza kuanza kuvuna siku 30 hadi 45 baada ya kupanda, mmea ukiwa na urefu wa kiganja. Kata majani ya nje kwa mkasi asubuhi mapema, acha kitovu kikue, na usichukue zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kung'oa mmea mzima na mizizi, kama wafanyavyo wauzaji sokoni, kuna maana tu kama unataka kupunguza msongamano. Simamisha mashina katika gilasi ya maji kama maua, funika kwa mfuko uliolegea, na uweke ndani ya jokofu. Hukaa wiki moja. Penye umeme usiotabirika, kitambaa chenye unyevu ndani ya mtungi hukupa siku mbili.

Kwa mbegu za kupanda tena, subiri siku 90 hadi 120 mpaka punje ziwe kahawia, kata vichwa kabla havijapukutika, vianike kivulini katika mfuko wa karatasi, na uhifadhi katika chupa kavu iliyofungwa. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, basi tia ndani ya chupa hiyo kijifuko cha mchele uliokaangwa mkavu na kupozwa, na uandike tarehe. Chukua mbegu kutoka kwa mimea iliyochelewa kutoa maua kuliko mingine. Ukifanya hivyo msimu baada ya msimu, kitalu chako kitakuwa na dania inayolizoea joto la hapa kuliko ile ya pakiti.